Gregory Isaacs wa kabla ya Night Nurse, yule aliyetishia kuchoma shamba

Ukimtaja Gregory Isaacs kwa mpenda rege yeyote wa Dar, Mombasa au Nairobi jibu linakuja hata hujamaliza sentensi, Night Nurse. Wa pili ataongeza Border, wa tatu anaejiona mjuzi atakutajia Rumours, alafu stori inaishia hapo hapo kwenye mapenzi, sauti tamu, mzee wa kubembeleza, mziki wa kuwekea mtu wako taa zikiwa zimepunguzwa. Sawa, sikatai, mi mwenyewe Night Nurse ikipigwa mahali siondoki. Ila kuna albamu yake ya mwaka 1977 inaitwa Mr Isaacs, nyimbo kumi tu, na nasema bila kupepesa macho ndo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya huyu jamaa, na wengi wanaojiita mashabiki wake wa damu hawajawahi kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Sio kwamba ni mbaya, wala sio ngumu kuelewa. Ni kwamba Gregory tulishampangia kazi ya kuimba mapenzi, basi akiimba kingine tunasikia mapenzi tu.

Watu wamegawa rege mafungu mawili, roots huku na lovers kule. Roots ni ya kina Burning Spear na Culture, watu wa ndevu na mahubiri, Babeli, yaani mfumo wa wakandamizaji, ianguke, Marcus Garvey yule mtetezi wa weusi, Ethiopia. Lovers ni ya kulainisha roho. Gregory anatupwa fungu la pili na akiimba roots inahesabiwa kama alipita tu kusalimia. Sasa Mr Isaacs inavuruga huo mgao wote, kwa sababu humo ndani anaimba utumwa, pingu, mateka na dhoruba kwa sauti ile ile, nasisitiza ile ile, anayotumia kumuomba mwanamke asimuache. Hapandishi, hangurumi, hajigeuzi nabii. Anachelewa kidogo nyuma ya ngoma, anavuta neno, mwisho wa mstari anaachia pumzi, yale yale ya siku zote. Na hapo ndo zile nyimbo zinapouma, maana mtu anaepiga kelele unajua amekasirika ila anaekwambia taratibu, kwa adabu kabisa, kwamba asipopewa chake leo usiku kutawaka moto, huyo ndo wa kumuogopa.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewe albamu ilitoka wapi. Gregory alizaliwa tarehe 15 Julai 1951 Fletcher's Land, mtaa wa watu wa chini pale Kingston. Mwaka 1968 akatoa wimbo wake wa kwanza akiwa na Winston Sinclair, Another Heartache, chini ya Byron Lee, haukwenda popote. Akaunda kundi la Concords na wenzake wawili, nalo likasambaratika. Ikabidi aingie kwenye mfumo wa Jamaika wa enzi zile ambao ukiuelewa utaelewa kwa nini waimbaji wa kule wana albamu nyingi hivo mpaka kichwa kinauma. Prodyuza ndo mwenye kila kitu. Anakodi studio, anawalipa wapigaji, anamiliki ule mkanda wa kurekodia, na mwimbaji anakuja anaingiza sauti anapewa hela yake ya mkononi anaondoka. Ni kibarua wa bandarini kabisa, kesho lazima urudi getini ukasubiri kuitwa. Wimbo ukiuza Jamaika na Uingereza, ukirudiwa mara kumi na madijei wengine wanaoghani juu ya ridimu hiyo hiyo, yaani yale mapigo ya ala, wewe mwimbaji huna chako. Kwaiyo njia ya kula ni moja, imba kwa huyu leo, imba kwa yule kesho, imba kwa wote. Gregory aliimba kwa Phil Pratt, kwa Alvin Ranglin wa lebo ya GG, kwa Lee Perry, na wengine kibao. Ukijumlisha na kompilesheni zake zilizokuja baadae zinafika mamia, sio utani, mamia ya albamu zenye jina lake.

Ila jamaa alikua mjanja mapema. Mwaka 1973 yeye na Errol Dunkley, mwimbaji mwenzake, wakafungua lebo yao wakaiita African Museum, na kibao cha kwanza kutikisa kikawa My Only Lover. Fikiria hicho kitu kwa mtu wa miaka 22. Pale Kingston ilikua ni kama kusema sitaki tena kuitwa getini, ntafungua geti langu mwenyewe. Hela za nyimbo alizoimbia watu wengine ndo zilizokua zinalisha lebo yake, yaani anauza sauti kwa prodyuza asubuhi ili jioni anunue muda wa studio wa kwake. Sasa Mr Isaacs ni tunda la hiyo jeuri. Na angalia, mara tu alipokua bosi wa nafsi yake, akaimba habari za mtumwa na bwana wake. Mi naamini haikua bahati mbaya. Hiyo ni tafsiri yangu, mtu anaweza kubisha, lakini ukijua maisha ya mwimbaji wa Kingston miaka ile huwezi kusikiliza wimbo wa mtumwa ukafikiria karne ya 18 peke yake.

Ridimu zilipigwa na Revolutionaries, bendi ya studio ya Channel One, pale Maxfield Avenue, studio ya ndugu wa familia ya Hoo Kim. Miaka hiyo Channel One ndo ilikua imeteka soko lote, Sly Dunbar kwenye dramu ameleta mtindo mpya ambao watu waliuita rockers, dramu inatembea mbele kijeshi wakati besi inakaa chini imetulia. Kwa waimbaji wengi huo mtindo ulikua unawasukuma wapande juu, waimbe kwa nguvu ili wasimezwe. Gregory akafanya kinyume chake, akapoa zaidi. Dramu inaandamana, yeye kaegemea ukuta.

Sasa njoo kwenye Slave Master, maana bila huu wimbo nisingekua na la kuandika.

Unaanza hivi, mtu anaeleza kwamba kila akisikia mziki mwili ukacheza, mwenye watumwa anatokea na mjeledi. Neno la mjeledi analirudia, kidogo kidogo, bila chuki yoyote kwenye sauti. Alafu anasema asipopata anachokitamani ataliwasha shamba moto. Joto la mwili wake linapanda, lazima apate anachohitaji. Basi, hiyo ndo roho ya wimbo mzima. Hakuna Garvey, hakuna aya ya Biblia, hakuna hotuba.

Tuanze na hiyo ya kuchapwa kwa sababu ya kucheza. Mtu akisikia haraka haraka anadhani ni chumvi ya kishairi, kumbe ni historia iliyonyooka. Sheria za kikoloni za Jamaika za karne ya 18 zilikataza watumwa kukusanyika na kupiga ngoma, na baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Tacky mwaka 1760 wakoloni wakazidi kubana, kwa sababu walijua ngoma zinapeleka ujumbe kutoka shamba hadi shamba. Kwaiyo mtu kutikisa kiuno ilikua kesi. Gregory kachukua kitu ambacho kwenye nyimbo za lovers ni starehe, mwili kuitikia mziki, akakionyesha kilivyo pale ambapo mwili wenyewe una mwenyewe ambae sio wewe.

Na hilo la moto. Tarehe 27 Disemba 1831, usiku, shamba la Kensington kwenye vilima vya juu ya Montego Bay liliwashwa, na moto wake ukawa ishara kwa mashamba mengine ya miwa, likawaka moja baada ya jingine magharibi yote ya kisiwa. Maelfu kwa maelfu ya watumwa waligoma. Kiongozi wao, Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, alikua amepanga mgomo wa amani kwanza, watu wakatae kufanya kazi baada ya Krismasi mpaka walipwe ujira, moto ulikua wa pili kama wakubwa wakikataa. Ona mpangilio huo, nipe ninachokitaka, ukininyima nawasha. Ni mpangilio wa wimbo wa Gregory neno kwa neno. Sharpe alinyongwa Montego Bay mwezi Mei 1832, wenzake zaidi ya mia tatu nao wakauawa, mwaka 1833 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta utumwa, ikaanza kutumika Agosti 1834 na uhuru kamili ukaja 1838. Na mwaka 1975, miaka miwili tu kabla ya Mr Isaacs kutoka, serikali ya Jamaika ikamtangaza Sam Sharpe kuwa shujaa wa taifa. Kwaiyo mtu wa Kingston aliyesikia Slave Master mwaka 1977 hakua anasikia mafumbo, habari za kuchoma shamba zilikua zimetoka tu kuhamia kwenye vitabu vya shule zikiwa na picha ya shujaa.

Alafu lile joto. Hapa ndo naomba tuelewane. Mtu anasema anatamani, anasema joto linapanda, anasema lazima apate. Hayo ni maneno ya kitandani. Ndo msamiati wake wote wa mapenzi, na miaka mitano baadae akauchukua akaupeleka Night Nurse, mgonjwa ana homa, maumivu yanazidi, dawa anayo mtu mmoja tu. Homa ni ile ile! Mwaka 1977 homa inatishia shamba, mwaka 1982 inamuita nesi. Sisi tukaipenda ya pili tukaisahau ya kwanza, na tukaambiana kwamba huyu ni mwimbaji wa mapenzi aliyewahi kugusa roots. Mi nadhani ni kinyume, ni mtu mwenye hamu moja kubwa isiyokubali kunyimwa na ameielekeza kila mahali, kwa mwanamke, kwa polisi, kwa mwenye shamba, kwa Mungu.

Kuna watu wengine waliuona huu wimbo kabla ya kuusikia, kwenye ile filamu ya Rockers ya 1978 ya Ted Bafaloukos, ambamo wanamuziki wa kweli wanaigiza maisha yao wenyewe, mpiga dramu Leroy Horsemouth Wallace akiwa mbele. Gregory anatokea jukwaani anaimba Slave Master. Kama hujawahi kuiona itafute leo. Ukiangalia usimwangalie yeye tu, muangalie anavyotulia, mtu anatishia kuchoma mali ya bwana huku anasogea kidogo tu, hana haraka, utadhani anasubiri kinywaji. Waimbaji wengine kwenye filamu hiyo hiyo wana nguvu zaidi yake, Jacob Miller huwezi kushindana nae kwa uchangamfu, na ile ya Burning Spear usiku ufukweni bila ala yoyote inasisimua mwili, lakini hakuna anaetisha kwa upole kama Gregory.

Handcuff nayo. Pingu. Ili uipate vizuri jua Jamaika ya miaka ile ilikuaje. Mwaka 1974 serikali ya Michael Manley ilianzisha mahakama maalum ya bunduki, Gun Court, gereza na mahakama kwenye uzio mmoja pale Kingston, na mtu akikutwa hata na risasi moja anaweza kufungwa bila ukomo unaojulikana. Mwaka huo huo ikaja sheria ya kukandamiza uhalifu iliyowaruhusu polisi na askari kuingia kupekua bila hati. Juni 1976 ikatangazwa hali ya hatari nchi nzima, vyama vya PNP na JLP vinamalizana mitaani, Disemba Bob Marley anapigwa risasi nyumbani kwake. Kijana mwenye dredi wa Fletcher's Land alikua anakutana na polisi kuliko anavyokutana na daladala. Gregory mwenyewe alikamatwa mara nyingi maishani mwake, na mwanzoni mwa miaka ya themanini alifungwa kwa kesi ya silaha, hapo tayari ni staa wa dunia na Night Nurse inapigwa kila mahali. Kwaiyo akiimba pingu anajua baridi yake. Na bado anaimba taratibu, analalamika kwa heshima. Ukiweka Handcuff na Slave Master karibu unaona mjeledi umebadilika umbo tu.

Set the Captives Free, Sacrifice na Storm zinaenda njia hiyo hiyo, hizi ndo zenye dini ndani zaidi na hapa mtu wa roots halisi atatulia. Sitazikalia sana. Sacrifice inafungua albamu na ukiisikia tu unajua hujaja kwenye harusi.

Wimbo ninaotaka kuukalia ni mwingine kabisa, Story Book Children, ambao watu wa roots huwa wanauruka kwa sababu ni wa mapenzi na tena ni wa kuazima. Asili yake ni Marekani, ulirekodiwa mwaka 1967 na Billy Vera na Judy Clay kwa lebo ya Atlantic. Billy mzungu, Judy mweusi, mwanaume na mwanamke wanaimbiana mapenzi mwaka ule ule ambao Mahakama Kuu ya Marekani ndo kwanza inafuta sheria za majimbo zilizokataza wazungu na weusi kuoana. Maneno ya wimbo ni ya watu wawili wanaotamani wangekua watoto wa kwenye vitabu vya hadithi, wakimbie mvuani wameshikana mikono, ila haiwezekani, wewe una dunia yako na mimi yangu, dunia mbili za watu wazima ambazo hazitafanana kamwe. Sasa Gregory kauchukua huo wimbo, kauimba peke yake bila wa kujibizana nae, na kauweka kwenye albamu moja na Slave Master. Mtu aniambie hiyo ni lovers au roots? Hapo ukuta unaowatenganisha wapenzi ni ule ule uliojengwa na mwenye shamba. Bado mtu anasema albamu imechanganya mambo, haina msimamo, mara utumwa mara mapenzi! Ina msimamo kuliko albamu nyingi za mahubiri matupu.

Sasa kwa nini haikushika? Kwanza mwaka wenyewe. 1977 rege ilikua imefurika. Marley katoa Exodus, Peter Tosh katoa Equal Rights, Culture wametoa Two Sevens Clash, The Congos wametoa Heart of the Congos kwa Lee Perry. Kila moja ya hizo ingeweza kubeba mwaka peke yake. Pili, Gregory alijiwekea mpinzani nyumbani, mwaka huo huo ikatoka Extra Classic, nayo ina Rasta Business na nyimbo nyingine nzito, watu wakagawana macho. Tatu, usambazaji. Uingereza albamu ilitolewa na DEB Music, lebo ya rafiki yake Dennis Brown, na herufi DEB ni majina yake, Dennis Emmanuel Brown. Waimbaji wawili wa Jamaika wanashikana mkono kukwepa maprodyuza, ni jambo la kishujaa kabisa, ila lebo ndogo ya waimbaji haina ubavu wa lebo kubwa ya Island wa kukuweka kwenye kila duka la rekodi kuanzia London hadi Lagos. Mwaka uliofuata Virgin wakamsaini kwenye lebo yao ya Front Line, ikatoka Cool Ruler, alafu Soon Forward mwaka 1979, hazikuuza kama walivyotegemea, ila jina la utani likabaki. Cool Ruler, mtawala mpole. Alafu mwaka 1980 ikaja albamu inaitwa The Lonely Lover, mpenzi mpweke, na hapo mchezo ukaisha, jalada lenyewe limeshakwambia huyu ni nani. Chris Blackwell wa Island alipokuja na Night Nurse alikuta bidhaa imeshafungwa vizuri, mwanaume wa suti na kofia, mpweke, anahitaji kupendwa. Ilibaki kusafirisha tu.

Na mafuriko yake mwenyewe yakafunika kilichobaki. Miaka ya themanini na tisini jamaa alitoa albamu mpaka ukipoteza hesabu hakuna wa kukulaumu, nyingine nzuri, Red Rose for Gregory ya prodyuza Gussie Clarke ya 1988 ndo yenye Rumours na ni moto, nyingine ni za kulipia bili na ukweli usemwe, za kulipia kokeini, kitu ambacho mwenyewe alikiongelea hadharani kwamba ni shule iliyomgharimu ada kubwa kuliko zote. Sauti ikachakaa. Kwaiyo kijana wa leo akiandika jina la Gregory Isaacs kwenye YouTube au Spotify anakutana na msitu, majalada ya ovyo ovyo, nyimbo zile zile ishirini zimepangwa upya kila mara, na Mr Isaacs imejificha humo katikati kama moja tu ya mamia. Jamaa angekua na albamu tano tu maishani hii ingekua ya kwanza kutajwa. Angalia The Congos, wao jina lao limesimama kwa albamu moja na dunia nzima inaijua.

Cha kuchekesha, au kuumiza sijui, ni jinsi albamu ilivyookolewa. Mwaka 1993 pale Manchester ilianzishwa lebo ya kurudisha rege ya zamani sokoni kwa heshima, Blood and Fire, mtaalamu wao Steve Barrow, na mmoja wa waliotia hela ni Mick Hucknall, yule mwimbaji mwenye nywele nyekundu wa bendi ya Simply Red. Mwaka 1997 Simply Red hao hao, na Sly Dunbar na mpiga besi mwenzake Robbie kwenye ridimu, wakarudia Night Nurse ikaingia chati za Uingereza, vizazi vingine vikaijua hapo. Na miaka michache mbele, 2001, Blood and Fire wakaitoa tena Mr Isaacs, imesafishwa na nyimbo za nyongeza juu. Yaani mtu mmoja kaipigia debe Night Nurse kwenye redio za pop na huku mfukoni analipia kufufuliwa kwa Mr Isaacs. Ipi ilisikika zaidi unajua jibu. Blood and Fire yenyewe baadae ikafa.

Najua kuna watu watanijia juu. Kwamba Night Nurse imerekodiwa vizuri zaidi, nakubali, bendi ya Roots Radics pale studio ya Tuff Gong walikua kwenye kiwango cha kutisha, besi ya Flabba Holt inajaza chumba kizima, ukipima kwa usafi wa sauti Mr Isaacs haifui dafu. Mwingine atasema Cool Ruler ndo albamu yake ya roots, ni nzuri ndio, Party in the Slum naipenda, ila haina wimbo unaokaa kichwani na kukusumbua kama Slave Master. Na wa tatu atasema mbona Border ni roots na huku kwetu tunaijua na tunaipenda. Kweli kabisa, na hiyo inanisaidia mimi, maana watu wanaiimba Border wakiwa wamefumba macho na bia mkononi, mtu anaomba kuvuka mpaka atoke Babeli arudi Afrika, na wao wanaisikia kama mtu anaemkumbuka mpenzi wake wa mbali. Na nyie madijei wa rege ya Jumapili mna mkono humo, kila wiki Night Nurse inaunganishwa na Love Is Overdue, inaunganishwa na Rumours, alafu tunaambiwa hiyo ndo heshima kwa mzee. Alifariki London Oktoba 25 mwaka 2010 kwa saratani ya mapafu, na kila Oktoba inakua hivyo hivyo. Jumapili moja tu, malizeni Night Nurse alafu bila kuongea chochote wekeni Slave Master, muone sura za watu wakigundua ni sauti ile ile.

Kwa anaetaka kuanza nayo, itafute yenye jina Mr Isaacs kamili, usikubali kompilesheni, anza na Slave Master, nenda Handcuff, alafu Story Book Children, ukishazoea hizo ndo urudi mwanzo kwenye Sacrifice uisikilize kwa mpangilio wake. Take a Dip unaweza kuiruka, mi huwa nairuka.